Kutoka Stesheni ya Dar hadi Ujiji: daftari la mhamo

Jumanne usiku, Dar es Salaam

Saa tatu usiku gadi amepuliza filimbi na treni ya Kigoma imeondoka. Tuko daraja la pili kulala, mimi na mpwa wangu wa kidato cha pili. Tunakwenda kwa bibi yake kwa likizo. Tungeweza kupanda basi, lakini muhula uliopita kijana alishindwa swali la mwendo kwenye mtihani, nami nikiwa mwalimu wa Fizikia sijui maabara ya mwendo inayoizidi reli ya kati, hii ya zamani yenye upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mtu anatembea mita 40 kwenda mashariki, kisha mita 30 kwenda kaskazini. Ametembea umbali gani, na mhamo wake ni upi? Kwa umbali aliandika 70, akapata. Kwa mhamo akaandika 70 tena, akaongeza "kaskazini mashariki" mbele yake. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo miaka mingi na siyaoni kuwa ya uvivu. Mwanafunzi ameambiwa kwamba mhamo ni umbali wenye upande, basi anachukua umbali na kuuvisha upande.

Nimemwambia auweke pembeni umbali kabisa. Mhamo ni badiliko la mahali. Unataka kujua mambo mawili tu: mwanzoni ulikuwa wapi, na sasa uko wapi. Piga mstari ulionyooka kutoka kule hadi hapa. Urefu wa mstari huo pamoja na upande unaoelekea ndiyo mhamo. Njia uliyopitia haiulizwi. Yule mtembeaji yuko mita 50 kutoka alipoanzia, nyuzi 37 kaskazini ya mashariki, na angekuwa palepale hata kama angezunguka mji mzima kabla ya kufika.

"Sasa mjomba, hiyo njia inakwenda wapi?" ameuliza.

Inabaki kwenye safu yake. Ndiyo maana daftari letu la safari lina safu mbili: moja ya njia, nyingine ya mhamo. Tumekubaliana pia mambo ambayo vitabu huyapitia haraka mno. Sifuri yetu ni Stesheni ya Dar es Salaam. Magharibi tumeiita chanya, ingawa michoro ya darasani huweka chanya mashariki, kwa sababu huko ndiko tuendako, na kaskazini nayo ni chanya. Simu inatupa latitudo na longitudo. Hapa karibu na ikweta nyuzi moja, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni takriban kilomita 110.6, kwa hiyo hesabu za kijana wa kidato cha pili zinatosha. Stesheni: nyuzi 6.82 kusini, nyuzi 39.29 mashariki. Tumeandika, tumelala.

Jumatano asubuhi, Kilosa

Morogoro tumepita usingizini. Nimeamka treni imesimama Kilosa, jua linachomoza nyuma yetu, na akina mama wa chai wako chini ya madirisha.

Simu inasema nyuzi 6.83 kusini, nyuzi 36.99 mashariki. Kijana ametoa na kutazama tena, akidhani amekosea. Kusini na kaskazini ni kama hatujasogea. Hata Morogoro iko kwenye latitudo hiyohiyo, 6.82. Usiku kucha treni imepinda huku na huku, imepita Pugu, Ruvu na Ngerengere, na baada ya kilomita kama 280 za reli jumla ya mikunjo yote ya kaskazini na kusini imefutana. Mhamo wetu ni kilomita 254, magharibi tupu.

Hili la kufutana ningependa kila mwanafunzi alione kabla hajaandika kanuni yoyote. Kilomita moja ya kwenda kaskazini na kilomita moja ya kurudi kusini, kwenye safu ya njia zinahesabiwa mbili, kwenye safu ya mhamo hazihesabiwi kabisa. Umbali hukua tu, haujawahi kupungua hata siku moja tangu dunia iumbwe. Mhamo hukua, hupungua, hugeuka upande, na unaweza kurudi sifuri ukiwa bado unakimbia.

Kilosa amepanda mzee mmoja mwenye fimbo na kikapu. Tumemwamkia, ameitikia marahaba, na baada ya muda amemwuliza kijana anaandika nini. Kumbe alifanya kazi miaka mingi kwenye genge la reli, wale wanaokagua mataruma na kukaza boliti, na kipande chao kilikuwa hiki cha kuanzia Kilosa kupanda juu. Nisingeweza kupata mwalimu bora zaidi.

Jumatano mchana, bonde la Mkondoa hadi Dodoma

Kutoka Kilosa reli inaingia bonde la mto Mkondoa na kuufuata. Mto ukipinda, reli inapinda. Kuna mahali ukichungulia dirishani unakiona kichwa cha treni kikielekea upande ambao behewa letu linautoka. Nimemwambia kijana awe anasoma dira ya simu kila baada ya dakika moja: kaskazini magharibi, magharibi, kusini magharibi, kaskazini tena. Kwa kila dakika kuna mhamo mdogo wenye upande wake, na ukiifupisha dakika iwe sekunde, na sekunde iwe sehemu ya sekunde, mhamo huo mdogo unalala juu ya reli yenyewe kiasi kwamba huwezi kuutofautisha na njia. Hapo ndipo umbali na mhamo hukutana: kwenye vipande vidogo sana. Vipande vingi vinapounganishwa ndipo umbali na mhamo vinaachana. Ukijumlisha urefu wa vipande bila kujali upande, unapata njia. Ukiviunganisha kila kimoja na upande wake, mkia wa hiki kwenye kichwa cha kile, unapata mhamo.

"Kwa nini hawakunyoosha tu?" kijana amemwuliza mzee. "Wangepasua mlima."

Mzee amecheka kwa upole. "Mwanangu, treni haipandi kama mbuzi. Ikipewa mlima wa ghafla, magurudumu yanateleza papo hapo. Lazima uiinue polepole, na mto ndio unaojua pa kushukia polepole. Sisi tunapandia alikoshukia yeye." Kisha akaeleza gharama ya kuufuata mto: mvua zikiwa kubwa, Mkondoa hula tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari husimama hadi genge limwage kokoto upya. Amewahi kukaa huko kambini wiki nyingi mfululizo.

Maneno ya mzee yamenipa kitu ambacho huwa nakosa namna ya kukisema darasani. Tunapowaambia wanafunzi kwamba mhamo ni "njia fupi kuliko zote", wanaondoka wakiamini kwamba mhamo ni njia ambayo mtu mwenye akili angeipita, na kwamba kilomita za ziada ni hasara. Mhamo si njia ya mtu yeyote. Hakuna reli juu yake, hakuna daraja, na wala hauahidi kwamba panapitika. Ni maelezo ya mahali pawili. Kilomita za ziada ambazo wajenzi waliziweka bondeni zimenunua mwinuko wa polepole, na kwa treni hiyo ndiyo tofauti kati ya kufika na kutofika.

Dodoma tumefika mchana. Nyuzi 6.17 kusini, 35.74 mashariki. Kijana amepiga hesabu mwenyewe: magharibi kilomita 393, kaskazini kilomita 72. Mzizi wa mraba wa jumla ya miraba yake ni 399. Kwenye reli tumekwenda zaidi ya kilomita 450. Mzee ameshuka hapa. Ameagana na kijana kwa kumshika bega, akamwambia akiwa mhandisi akumbuke kupeleka kokoto za kutosha Gulwe.

Kuna treni ya umeme sasa, ile ya reli ya kisasa, inayotoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu mwaka 2024. Mhamo wake ni uleule kwa tofauti ndogo ya vituo, kama kilomita 400. Njia yake imenyooka zaidi, ina mahandaki na madaraja marefu, na muda wake ni mfupi mno kuliko wetu. Nimemwachia kijana atafakari ni kipi kilichobadilika na ni kipi hakikubadilika, nikaenda kununua maji.

Jumatano jioni, Saranda na Itigi

Baada ya Bahi treni imepanda ukuta wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 300 za kwenda juu, na injini inaunguruma hadi vikombe vinatetemeka. Saranda wameuza kuku wa kuchoma kupitia madirishani, nasi tumenunua. Hata hivyo kijana alitaka chai, kwa hiyo tumekwenda behewa la chakula, ambalo leo limeunganishwa upande wa nyuma wa treni.

Hapo nimepata somo la jioni. Treni inakwenda kilomita 36 kwa saa. Tulipima kwa saa ya mkononi na vibao vya kilomita vilivyo kando ya reli. Hiyo ni mita 10 kwa sekunde. Kutoka chumba chetu hadi behewa la chakula ni kama mita 60, na kwa hatua za kuyumbayumba tumetumia dakika moja. Nimemwuliza mhamo wake kwa dakika hiyo ni upi.

"Mita 60 mashariki."

Kutoka wapi? Kutoka chumbani. Lakini chumba chenyewe kimesogea mita 600 magharibi ndani ya dakika hiyohiyo. Mkulima aliyesimama kando ya reli akituangalia atasema kijana yule amesogea mita 540 magharibi, huku uso wake ukitazama mashariki muda wote. Mhudumu wa behewa la chakula atasema amekuja mita 60 mashariki. Wote wawili wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja ametaja mahali kwa kulinganisha na kitu chake: mmoja ardhi, mwingine treni. Mhamo usiotaja umelinganishwa na nini haujakamilika, hata ukiwa na namba na upande.

Kijana amekunywa chai yake kimya, kisha akasema, "Na dunia nayo inazunguka, mjomba." Sikutegemea. Ni kweli, inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye latitudo hizi ardhi inabebwa kwa zaidi ya kilomita 1,600 kila saa. Kwa mtazamaji aliye nje ya dunia, asiyezunguka nayo, treni yetu ya magharibi bado inakimbilia mashariki, ila kilomita 36 kwa saa polepole kuliko mataruma iliyoyakanyaga. Mwanafunzi aliyefika hapo mwenyewe hahitaji kukariri.

Itigi tumeingia giza likianza. Nilikuwa naisubiri stesheni hii kwa sababu ya jambo nililokuwa nimelipigia hesabu nyumbani. Longitudo ya Kigoma ni 29.63, ya Dar es Salaam 39.29. Katikati yake ni 34.46, na Itigi iko 34.48. Yaani katikati ya mstari wa Dar es Salaam hadi Kigoma panaangukia kilomita chache kusini mwa hapa tulipo. Sasa, mstari gani? Ule unaochorwa kwa rula kwenye ramani unafuata mgongo wa dunia, na mgongo wa dunia umepinda. Mstari ulionyooka kikwelikweli, ule ambao ndio mhamo wenyewe, unatoboa ardhi. Ukichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,371 na urefu wa mstari kilomita 1,090, katikati yake mstari unapita kilomita 23 chini ya ardhi.

Nimekanyaga jukwaa la Itigi nikamwonyesha kijana chini. Mhamo wa safari yetu unapita huko chini, mbali kuliko mgodi wowote uliowahi kuchimbwa. Cha ajabu ni kwamba pamoja na kina hicho chote, urefu haupungui sana: mstari ulionyooka ni mfupi kuliko ule wa juu ya ardhi kwa kilomita 1.3 tu. Ndiyo maana kwa safari za nchi moja tunaruhusiwa kutumia ramani bapa na kanuni ya Pythagoras, ile ya mzizi wa jumla ya miraba, bila kuona aibu. Kwa safari ya Dar es Salaam hadi London ruhusa hiyo haipo.

Usiku wa manane, Tabora

Tabora ndipo reli inapogawanyika, tawi moja likienda Mwanza. Mabehewa hupangwa upya, na kupanga kwenyewe ni kelele za chuma hadi abiria wapya wanashtuka. Kijana ameamka, na badala ya kulalamika ameketi dirishani akihesabu nguzo za taa. Tumesukumwa magharibi kama mita 200, tukavutwa mashariki 260 hivi, tukasimama muda mrefu, tukasukumwa magharibi tena 60.

"Njia mita 520, mhamo sifuri," amesema, na ameandika kabla sijamjibu. Alama za chanya na hasi zimemkaa: 200 toa 260 jumlisha 60.

Nimemwambia achungulie chini. Tulipoingia tulikuwa reli ya jukwaa, na sasa tuko reli ya pili yake. Mashariki na magharibi ni sifuri kweli, lakini tumehama mita chache kwa ubavu. Amefuta, ameandika upya. Mwendo wa mstari mmoja ni kisa maalumu tunachoanzia kwa sababu alama mbili tu zinatosha kueleza pande zake. Dunia ina pande nyingi zaidi, na stesheni ya Tabora saa saba usiku imetukumbusha.

Dodoma hadi Tabora: magharibi 325, kaskazini 127. Simu inasema nyuzi 5.02 kusini, 32.80 mashariki. Hapa ndipo reli ilipoegemea kaskazini kuliko popote.

Alhamisi, Malagarasi, Uvinza, Kigoma

Asubuhi ya miombo isiyokwisha. Tumevuka Malagarasi, Uvinza wameuza chumvi, na joto limeanza kuwa la ziwani. Saa saba mchana tumeshuka Kigoma: nyuzi 4.88 kusini, 29.63 mashariki. Kutoka Tabora ni magharibi 351, kaskazini 15.

Kijana ameketi juu ya begi lake stesheni, hataki kuondoka kabla hajajumlisha. Magharibi: 393, 325 na 351 ni 1,069. Kaskazini: 72, 127 na 15 ni 214. Kila kilomita tano za magharibi, moja ya kaskazini. Mhamo wote: kilomita 1,090, nyuzi 11 kaskazini ya magharibi. Akarudia kwa kutumia Dar es Salaam na Kigoma peke yake, bila Dodoma wala Tabora, na akapata jibu lilelile.

Amenitazama. Nikamwambia ajaribu njia ya mkato: ajumlishe urefu wa vipande vitatu vya mhamo bila kujali pande. 399, 349 na 351 ni 1,099. Kilomita tisa zimezidi, kwa sababu vipande havikuelekea upande mmoja sawasawa. Vipande vya magharibi vinajumlishwa na vya magharibi, vya kaskazini na vya kaskazini, na mwisho kabisa ndipo unapopiga mzizi wa mraba. Ukiharakisha mzizi, unapotea. Vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na upande kama mhamo, hujumlishwa hivyo, na kosa la 40 na 30 kuwa 70 lilitoka hapo hapo.

Reli imetubeba kama kilomita 1,250. Saa za safari ni 40. Kwa safu ya njia, kasi ya wastani ni kilomita 31 kwa saa. Kwa safu ya mhamo ni kilomita 27 kwa saa, kuelekea magharibi ikiegemea kaskazini. Namba ya kwanza inamfaa mkuu wa karakana, anayetaka kujua magurudumu yamefanya kazi kiasi gani. Ya pili inamfaa anayetaka kujua tumesogeaje juu ya uso wa nchi.

Kuna mhamo mmoja ambao hatujauandika bado, ule wa kwenda juu. Dar es Salaam tulianza karibu na usawa wa bahari. Treni ilipanda kupita mita 1,200 kwenye nyanda za kati, kisha ikashuka hadi hapa kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kama mita 770 juu ya bahari. Mvutano wa dunia unaangalia mahali pa mwanzo na pa mwisho tu: kila kilo moja iliyosafiri imepata nishati ya takriban jouli 7,500, iwe ilipanda moja kwa moja au ilipanda ikashuka ikapanda tena. Msuguano haufanyi hivyo. Unatoza kila mita ya njia, ya kwenda na ya kurudi, na dizeli iliyochomwa ni ya njia yote. Safu zote mbili zina kazi, na maumbile yenyewe yanazitumia zote mbili.

Ijumaa, Ujiji

Bibi ametupokea kwa mgebuka na ugali, na leo asubuhi tumepanda daladala hadi Ujiji. Hapa ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na miembe ya zamani bado inasimulia. Kijana anajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871. Nimemwambia leo tutamfuata mtu mwingine, Sidi Mubarak Bombay.

Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India kama mtumwa, na alipopata uhuru akarudi Zanzibar. Mwaka 1857 aliajiriwa na wapelelezi Waingereza, Burton na Speke. Msafara ule uliondoka pwani mwishoni mwa Juni na kufika Ujiji katikati ya Februari 1858. Kutoka Bagamoyo hadi hapa mhamo ni kama kilomita 1,036, pungufu kidogo ya wetu. Muda wao: miezi saba na nusu. Kijana amegawanya, amepata kilomita nne na nusu kwa siku. Ameshangaa, mtu mzima anatembea kilomita hizo kwa saa moja. Lakini hapo ndani kuna siku za homa, siku za kungoja wapagazi, wiki nyingi za kukaa Tabora, mizunguko ya kutafuta maji. Kasi ya wastani inayotokana na mhamo imevimeza vyote, na wapagazi waliobeba mizigo vichwani njia nzima hawaonekani ndani ya ile nne na nusu. Kila ninapofundisha namba hii nawataja, kwa sababu walistahili safu ya njia na walinyimwa.

Bombay alirudi Ujiji na Stanley mwaka 1871. Kisha Machi 1873 aliondoka Bagamoyo na Cameron, mpelelezi mwingine Mwingereza, wakapita hapa mwaka 1874, wakaendelea, wakavuka mito ya Kongo, na Novemba 1875 wakaiona bahari ya upande wa pili huko Katombela, katika nchi tunayoiita leo Angola. Tumepima kwenye ramani: kutoka Bagamoyo ni karibu kilomita 2,900, magharibi ikiegemea kusini. Kisha watu wa msafara walirudishwa Zanzibar kwa jahazi, wakipita kusini kabisa mwa Afrika.

Kijana ameandika mistari mitatu chini ya jina la Bombay. Pwani hadi Katombela: 2,900. Katombela hadi pwani: 2,900, upande wa kinyume. Jumla: akasita, akaandika sifuri, kisha akakunja uso.

"Mjomba, mtu huyu alivuka Afrika nzima."

Ndiyo. Na tukiihesabu Zanzibar na pwani yake kuwa mahali pamoja, mahali pake mwishoni ni palepale pa mwanzoni, kwa hiyo sifuri ni sahihi na asiiguse. Nimemwuliza kasi ya Bombay ilikuwaje siku alipokuwa katikati ya Kongo. Haikuwa sifuri. Mhamo wake siku ile, kutoka pwani? Kilomita nyingi sana. Sifuri inahusu jozi moja tu ya nyakati, ile ya kuondoka na ile ya kurudi. Chagua jozi nyingine na jibu linabadilika. Akilisoma swali la mtihani, kabla ya namba yoyote atafute hizo nyakati mbili: kuanzia lini, hadi lini. Wanafunzi wengi huanza na namba.

Tumerudi Kigoma kabla ya adhuhuri. Kijana amekaa kibarazani kwa bibi anatunga swali la kuwapelekea wenzake darasani. Linasema hivi: Abiria yuko ndani ya treni inayokwenda magharibi kwa mita 10 kwa sekunde. Anatembea mita 60 kuelekea nyuma kwa dakika moja, anakaa dakika 20 akinywa chai, kisha anarudi kwenye kiti chake kwa dakika moja nyingine. Tafuta umbali aliotembea ndani ya treni, mhamo wake kwa kulinganisha na treni, na mhamo wake kwa kulinganisha na ardhi. Nimemwomba aongeze kwamba reli hapo imenyooka.